Sura ya Mwisho ya Fundi Mizani

Nyumbani,
14 Januari

Wifi mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokilalamikia mwaka ulipokuwa unakwisha kimekuacha. Huku hatujambo. Mama anakusalimu. Goti linamsumbua asubuhi, lakini mchana hulisahau, hasa jirani akija na habari za watu. Mtoto ameng'oka meno mawili ya mbele na anataka shangazi yake aelezwe kwamba hakulia. Alilia, lakini mimi nimekuandikia alivyotaka.

Kiwandani wametubadilishia zamu. Naingia kukiwa hakujapambazuka, natoka mchana, mikono ina unga mpaka viwikoni. Nikifika nyumbani naoga, nakaa mezani upande wa dirisha na kuandika mpaka mtoto arudi shule. Hapo ndipo kitabu kinapoandikwa, kati ya kuoga na kengele ya shule. Mama anaona ni ugonjwa. Juzi nilimsikia akimwambia jirani, "Mkwe wangu ana homa ya daftari."

Mhariri amenirudishia mswada kwa mara nyingine. Hakuukataa, ila ameniandikia kwamba fundi wangu ni mwema tangu ukurasa wa kwanza na hajacheka hata mara moja, na ameuliza kama hakuna mtu aliyewahi kugombana naye. Nilikasirika siku nzima. Nikachoma trei ya mikate, msimamizi akaniuliza kama nimelala. Ni kweli mtu wangu wa kitabuni ni fundi mizani, na kaka yako alikuwa fundi mizani, lakini si yeye. Hivyo ndivyo ninavyomwambia kila anayeuliza.

Wanataka mswada kamili kabla Februari haijaisha, la sivyo nafasi yangu atapewa mwingine. Nakutumia daftari mbili zilizobaki, sura ya kumi na tano mpaka ya kumi na tisa. Najua unapiga taipu barua za bosi kutwa nzima kisha unabaki kunipigia mimi, na sijui nitakushukuru vipi. Sura ya kumi na tisa ni fupi. Niliiandika kwa mkao mmoja na sijaisoma tena. Wewe ipige tu kama ilivyo.

Machi itakuwa miaka miwili tangu tumzike. Mama ameanza kuuliza kama safari hii utakuja. Nimemwambia nitakuuliza.

Wifi yako

*

Mjini,
20 Februari

Wifi yangu, malkia wa hamira,

Salamu kwako, kwa mama, na kwa shujaa asiyelia. Kikohozi kimekwenda zake. Mimi ni mzima, ila ofisini wameleta bosi mpya anayetaka kila barua ipigwe mara tatu, kana kwamba hatuamini macho yetu. Mwenzangu wa meza ya pili ameolewa na ameacha kazi, kwa hiyo meza zote mbili ni zangu, na simu zote mbili pia. Zikilia pamoja nasimama katikati kama trafiki.

Usinilaumu kwa kuchelewa. Nilikuwa nikibaki baada ya wote kutoka. Mlinzi amezoea, ananiuliza, "Karani, leo fundi amefika wapi?" maana nilikosea siku moja nikamsimulia, sasa hanipi nafasi ya kupita mlangoni bure. Anampenda yule mke wa fundi. Anasema mwanamke anayemficha mumewe miwani ili asitoke nyumbani akiwa na homa, huyo ni mke. Sikumwambia kwamba mke mwenyewe namjua na kwamba kwa kuficha vitu hajambo.

Nimemaliza. Kwa kuwa siku zilikuwa zimebana, sikukurudishia uupitie. Nimeupeleka mswada mwenyewe mpaka mlangoni kwa mchapishaji na nimeona kwa macho yangu ukigongwa muhuri wa kupokelewa. Ni ghorofa ya pili, juu ya duka la vitanda. Korido yao inanuka gundi.

Sura ya kumi na sita ni nzuri, pale anapokataa kumrekebishia mizani yule mwenye duka mwongo. Nilisikia sauti ya kaka kabisa. Samahani, ya fundi.

Kuhusu Machi, bosi mpya hatoi ruhusa. Mwambie mama nampenda.

Wifi yako

*

Nyumbani,
9 Aprili

Wifi mpendwa,

Salamu. Mama hajambo, mtoto hajambo. Tulikwenda kaburini na mama siku ile, tukapalilia, tukarudi. Mvua ilitukuta njiani. Mama hakutaka mwavuli, alisema mwavuli ni wa watu wenye haraka.

Barua ya mchapishaji imefika. Wanakichukua kitabu. Niliisoma nikiwa nimesimama pale posta, kisha nikatoka nje nikaisoma tena kwenye jua. Kwa nusu saa nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote pale barabarani. Halafu nikafika ukurasa wa pili wa barua.

Nakunukulia alivyoandika mhariri. "Sasa fundi wako amepata pumzi. Pale anaporudi kutoka hospitali, anapanda juu ya mizani yake mwenyewe na kusema, 'Wameniibia kilo tisa, na risiti hawakunipa,' nilicheka peke yangu ofisini. Tafadhali usiguse chochote katika sura ya mwisho."

Wifi, mimi sikuandika hivyo. Katika sura yangu fundi harudi. Anafia wodini asubuhi, mke anafunga shuka zake, basi. Wewe unajua, maana umeisoma.

Nilidhani wamechanganya karatasi zangu na za mtu mwingine. Nikawaza hivyo kwa siku mbili, kwa sababu jambo jingine lilikuwa gumu kuliwaza. Lakini kuna mizani, kuna fundi, na huo ni mswada ulioupeleka wewe.

Wameniletea mkataba. Chini kuna mahali pa kutia sahihi, na juu ya mahali hapo pameandikwa kwamba kazi hii yote ni yangu mimi mwenyewe. Wanautaka ufike kwao kabla ya mwisho wa Mei. Nimeuweka kabatini chini ya mashuka. Sijamwambia mama lolote, nimemwambia bado wanasoma.

Naomba nakala yako ya kaboni, niione hiyo sura. Na naomba daftari zangu. Sura ya kumi na tisa niliyoiandika iko kwenye ile daftari ya kijani na sina nyingine.

Na naomba unieleze.

Wifi yako

*

Mjini,
2 Mei

Wifi,

Salamu kwa wote. Huku ni uzima tu. Lifti ya ofisini imeharibika na bosi anapanda ngazi akihema, angalau kuna hilo la kututuliza.

Nakala ya kaboni nakutumia. Daftari sinazo hapa karibu.

Unataka nikueleze nini? Mwaka na nusu umekuwa ukiniandikia juu ya mchapishaji. Wamekurudishia mswada, wamekurudishia tena, umelia, umechoma mikate ya watu. Sasa wameukubali, na mtu aliyesoma vitabu kuliko mimi na wewe amesema usiguse kitu. Tia sahihi.

Mimi napiga taipu tangu nikiwa msichana. Nimepiga barua za kuajiri watu na za kuwafukuza. Nimepiga rambirambi za ofisi kwa watu nisiowajua. Bosi anaweza kusema ovyo mdomoni wiki nzima, halijawa jambo. Nikishalipiga, akatia sahihi, likatiwa kwenye faili, hapo limekuwa. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyoishi. Nilifika kwenye ile sura yako, nikaingiza karatasi, nikaandika "Sura ya Kumi na Tisa" nikapiga mstari chini yake. Nikakaa. Jua likazama, mlinzi akaja kuuliza kama nimeugua. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu vidole vikaanza kwenda, na nilipotazama, havikuwa vinafuata daftari.

Sura kumi na nane ni za mume wako. Nimezipiga zote, sikubadilisha hata nukta, ingawa kuna mahali umemfanya mpole mpaka nikataka kumzaba kofi. Hiyo moja ni ya kaka yangu.

Mlinzi anasema mwisho ni mzuri.

Wifi yako

*

Nyumbani,
11 Mei

Wifi mpendwa,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa ili nisijibu kwa mkono wenye hasira. Kwanza salamu. Mama ameanza kunywa dawa mpya ya goti. Mtoto meno yanachomoza, ana kioo changu kutwa. Wote wanakusalimu, na mama anasema anazo nguvu za kuja kukuchapa huko huko uliko.

Nimeisoma sura yako. Nilijiandaa kuichukia. Nilikaa kwenye benchi nyuma ya kiwanda, aproni bado kiunoni, nikaisoma mpaka mwisho na chai yangu ikapoa.

Anafika nyumbani. Anapiga mluzi kabla ya kufungua mlango. Anaona kiti chake kimesogezwa na anaanza ugomvi kabla hajavua kiatu. Mama anamshika mkono kuupima unene, fundi anajifanya haoni. Wifi, niliishi na mtu huyo miaka kumi na moja akipiga mluzi kabla ya kufungua mlango, nikidhani anafurahi kufika. Wewe umeandika kwamba ilianza utotoni, aliogopa kukuta wakubwa wakinong'ona juu yake, akawa anawapa nafasi ya kunyamaza. Sikulijua hilo. Hakuniambia, wala sikumuuliza.

Na yule mke katika sura yako anamjibu. Anamwambia, "Kiti kimesogezwa kwa sababu kuna watu humu ndani walifagia ulipokuwa umelala kama mfalme." Nilicheka kisha nikaona aibu, maana ni kweli ningesema hivyo. Katika sura zangu zote kumi na nane mke hajamjibu mume hata siku moja. Mhariri alinieleza, sikumsikia. Nilikuwa naandika kama mtu anayeosha vyombo vya msibani, taratibu, kisigongane kitu.

Kwa hiyo sikatai kwamba sura ni nzuri. Lakini siwezi kuitia sahihi. Nilishika mkono wa mtu yule ulipokuwa unapoa. Siwezi kutoa kitabu chenye jina langu kikisema alirudi nyumbani akagombania kiti. Watu wa mtaani watasoma. Mtoto atasoma akikua, na ataniuliza baba yake alirudi siku gani.

Nilijaribu kuiandika upya ile yangu. Sikuweza. Kila sentensi iliyokuja ilikuwa kama karatasi ya hospitali: alilazwa, alitibiwa, alifariki. Nikagundua kwamba hata ile ya daftari ya kijani ilikuwa hivyo hivyo. Hukukataa kupiga sura, wifi. Ulikataa kupiga cheti cha kifo.

Sasa nina swali, nami naomba usilipite kama ulivyopita mengine.

Hizo kilo tisa umezitoa wapi? Alipimwa Jumatano ile, siku moja kabla hajafariki. Nesi alimpandisha kwenye mizani ya wodini, na yeye akamkosoa nesi kwamba mizani haijasawazishwa. Walipomaliza hesabu ikawa amepungua kilo tisa. Tulikuwa watu watatu pale. Nesi hakujui. Mimi sikukuambia. Sikumwambia hata mama.

Tena ulisema hukuja kuzika kwa sababu ulinyimwa ruhusa. Sikutaka kuligusa hili na nimelinyamazia miaka miwili. Mazishi yalikuwa Jumamosi, wifi. Ofisi yenu Jumamosi imefungwa.

Mkataba bado uko kabatini. Usiponijibu nitamwandikia mhariri kwamba sura si yangu na kitabu kirudi.

Wifi yako

*

Mjini,
30 Mei

Wifi yangu,

Najua barua hii itafika siku ya mkataba imeshapita. Nimeianza mara nyingi. Kapu la ofisini limejaa na mfagiaji ameniuliza kama naandika barua za mapenzi.

Daftari ya kijani iko ndani ya bahasha hii. Nilikuwa nayo wakati wote, ndani ya droo yangu, chini ya karatasi za kaboni. Nilikudanganya.

Alinipigia simu.

Ilikuwa Jumatano hiyo hiyo, alasiri. Nilipokea kama ninavyopokea watu wote, nikataja jina la ofisi, naye akasema, "Karani, niunganishe na dada yangu yule mwenye kiburi." Nikamjibu dada huyo yuko mkutanoni. Akasema atasubiri, maana hana kazi, amelala tu analishwa kama kuku wa mayai. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilimuuliza mbona anaongea kama mwizi, akaniambia anapigia kwenye korido ya hospitali na kuna nesi mkali.

Nilikuwa nimeshaomba ruhusa, wifi. Tiketi nilikuwa nayo mkobani, ya basi la Alhamisi asubuhi. Nikamwambia, kesho nakuja. Akasema, "Uje kufanya nini? Ijumaa natoka. Wameshaniandikia. Utapishana nami njiani, halafu nitabaki nacheka." Ndipo akaniambia kwamba wamempima, wamemuibia kilo tisa, na risiti hawakumpa. Akasema akifika nyumbani atapanda mizani yake mwenyewe, ile ya kweli, akirudi tena hospitali atawadai. Nilicheka mpaka bosi wa zamani akatoa kichwa mlangoni.

Nikarudisha tiketi.

Kwa hiyo unaponiuliza nimeyatoa wapi, sikuyatunga. Ile sura ni yeye aliyeniambia. Kurudi nyumbani, kupanda mizani, mama kumshika mkono, yote alinihesabia kwenye simu kama mtu anayepanga safari. Mimi nimeongeza kiti tu, na mluzi.

Sikukuambia kwa sababu ningekuambia ningelazimika kusema alinidanganya. Nilipoletewa habari Alhamisi nilisema hapana, Ijumaa anatoka. Na nilifikiri pia kwamba itakuuma, mtu akufie wewe kisha utani wake wa mwisho aje anipe mimi.

Mwandikie mhariri unavyotaka. Sitakulaumu. Ila usimwite kaka mwongo kitabuni.

Kuhusu Jumamosi ya mazishi, usiniulize.

Wifi yako

*

Nyumbani,
19 Juni

Wifi mpendwa,

Mama hajambo, mtoto hajambo, nami ni mzima. Nimeandika hayo kwanza ili yakae mahali pake.

Jumatano ile alasiri alinituma gazeti. Alisema amechoka kutazama dari, nikamnunulie gazeti, na si la pale mlangoni, akataka la kwenye kibanda cha mbali kule kwenye mzunguko wa barabara, eti la mlangoni limelowa. Nilikwenda, nikiwa na hasira kidogo, jua kali. Niliporudi nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ndara miguuni, anahema, uso umechangamka. Nikafikiri amepata nafuu, anajaribu kutembea. Nikamgombeza, akaniacha nimgombeze. Gazeti hakulifungua. Miwani yake ilikuwa nyumbani, na mimi mwenyewe ndiye niliyesahau kuileta.

Miaka miwili nimezikumbuka zile ndara zilizogeuzwa, ya kushoto kulia, bila kujua kwa nini nazikumbuka. Alikuwa ametoka kwako.

Ulifikiri itaniuma. Imeniuma. Nilikanda unga siku mbili bila kusema na mtu. Halafu siku ya tatu ikaanza kuwa kitu kingine. Mimi alinipa ukweli, wewe akakupa Ijumaa. Nadhani alitazama kila mmoja wetu anaweza kubeba uzito gani, na hiyo ilikuwa kazi yake. Simwiti mwongo, wifi. Kitabuni wala kwingine.

Nilimwandikia mhariri. Nikamwambia sura ya mwisho si yangu, imeandikwa na dada wa marehemu, na kwamba kweli kuna marehemu, mume wangu. Nilipoitia stempu niliona nakitupa kitabu kwa mkono wangu. Amejibu kwa kifupi sana. Anasema katika miaka yake ya kazi hajawahi kuletewa kisa kama hiki na hana hakika kama anakipenda. Sura isiyo yangu hawezi kuichapa kwa jina langu. Ananisubiri mpaka mwisho wa Julai. Sura mpya ikifika na ikawa dhaifu, kitabu kinarudi, na nafasi inakwenda kwa mtu mwingine. Hajanificha.

Nimeiandika. Imo ndani ya bahasha hii. Haina kurudi nyumbani wala haina kufa. Mke anatumwa gazeti. Fundi anasubiri viatu vyake viishe kusikika, anavaa ndara, anashika ukuta mpaka kwenye simu ya korido na kumpigia dada yake. Wanaongea. Kitabu kinaishia hapo, mkono wa simu ukiwa bado sikioni kwake. Msomaji ameshaambiwa na daktari katika sura ya kumi na nane kwamba fundi hatapona, kwa hiyo atajua. Sikulia nilipokuwa naandika. Nilikuwa nashughulika kumfanya acheke vizuri.

Maneno yake nimeyachukua kwenye barua yako, neno kwa neno. Ni yako, kwa hiyo naomba ruhusa. Ukikataa, choma.

Na kuna jambo moja sikuliweza. Mwishoni, akishasema habari ya mizani yake na kilo zake, dada anamjibu neno la mwisho. Hukuniandikia ulimjibu nini. Nilijaribu kutunga, nikaona kila nilichotunga ni uongo. Kwa hiyo nimeacha mstari mtupu, nimeuwekea alama ya msalaba pembeni. Jaza wewe, au uuache.

Naweza kumpa msichana wa chuo cha uhazili hapa jirani anipigie. Ana kasi na mikono yake haimjui mtu. Lakini nimekutumia wewe.

Wifi yako

*

Mjini,
27 Julai

Wifi yangu,

Salamu zako zote zimefika, na zangu zishike, uzigawe kwa mama na kwa mwenye meno mapya. Huku mzima. Lifti imetengenezwa, bosi amerudisha sauti yake.

Nimeipiga. Sikusema lolote kwa mwezi mzima kwa sababu nilikuwa sijui kama nitaipiga. Bahasha yako ilikaa mezani, nikawa naizungukia kama mbwa wa watu. Wiki iliyopita mlinzi akaniuliza tena, fundi amefika wapi. Nikamwambia amefika kwenye simu. Akasema, "Basi mwache aongee." Nikaingiza karatasi.

Nimeifuata kama ilivyo. Mahali pamoja tu uliandika anacheka "kwa upole", nikaona nikuulize, nikaona hakuna muda, nikaliacha. Hakuwa akicheka kwa upole, lakini kitabu ni chako.

Ule mstari mtupu niliuacha mtupu.

Jana nimeipeleka kwa miguu yangu, ghorofa ya pili juu ya vitanda. Nilidhani nitagongewa muhuri niondoke. Mhariri mwenyewe akatoka. Ni mtu mfupi, ana sweta lenye kiwiko kilichotoboka, nilitarajia mtu wa kutisha zaidi. Akasema, "Wewe ndiye dada?" Nikasema mimi ndiye mpiga taipu. Akaniambia nikae, akaanza kusoma mbele yangu. Wifi, sijawahi kukalia kiti kibaya kama kile. Alikuwa anasoma na midomo. Nikawa najua yuko wapi kwa kutazama midomo yake. Kwenye kuku wa mayai alitabasamu. Alipofika kwenye risiti hakucheka, alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

Mwishoni akanionyesha kwa kidole. "Hapa pana nafasi."

Nikamwambia najua.

"Dada alimjibu nini?"

Akasubiri. Akasema kitabu kinaweza kwenda bila mstari huo, wengine wangeuona ni ufundi, lakini yeye angependa kujua. Akataka kumwita karani wake aje aandike nitakachosema. Nikamwambia hapana, anionyeshe mashine iliko. Ilikuwa kwenye chumba cha pembeni, mashine nzito ya zamani, herufi zake zina wino mwingi. Niliirudisha karatasi ndani, nikaiweka sawasawa kwenye mstari. Ilichukua muda. Karani wao alisimama nyuma yangu, kisha akaona uso wangu akatoka.

Nilipomrudishia mhariri alisoma, akachukua mkataba wako wa zamani akaupasua katikati mbele yangu. Kisha akafungua droo, akatoa mpya akajaza tarehe kwa kalamu. Umo humu ndani. Kitabu kitatoka mwaka ujao. Soma pale juu ya sahihi, amebadilisha maneno. Ameandika kwamba kazi ni yako, pamoja na mstari mmoja wa mwingine kwa idhini yake. Nimeshaweka sahihi yangu kwenye huo mmoja. Weka yako.

Sasa nikuambie unasema nini huo mstari, usije ukausoma kwanza kitabuni pamoja na watu.

Niliandika nilichomwambia. Nilikuwa na barua ya bosi kwenye mashine na simu ya pili ilikuwa inalia, kwa hiyo sikusema kitu cha maana. Nilimwambia, "Haya. Ukifika, nipigie."

Jumamosi ile ya mazishi mlinzi alinifungulia ofisi. Nilikaa karibu na simu mpaka jioni.

Wifi yako